Kamati ya Undugu

Mtaa mzima ulimwita Mama Ikulu, na jina hilo alilitafuta kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na hakuna kaptula iliyotoka chumbani kwake bila kusindikizwa na habari za Rais. Ukienda kupimwa kiuno, unaambiwa kwamba Rais naye kiuno kimemzidi, maskini, kazi za kukaa. Ukilalamika kwamba sketi imechelewa, unaulizwa kama unajua unaongea na nani. Mume wake, marehemu, alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Rais. Walilala kitanda kimoja, wakachapwa kwa fimbo moja. Kwa hiyo Rais ni shemeji yake, na kijana wake wa pekee ana baba mkubwa pale juu kabisa, mahali ambapo watu wengine wana Mungu tu.

Aliyethubutu kuuliza kwa nini shemeji wa Rais anaishi nyumba ya kupanga na kuchangia choo na majirani, alijibiwa kwamba Rais hapendi upendeleo.

Watu walicheka, lakini walicheka pembeni. Nani ajuaye? Mwalimu mkuu hakumfukuza mtoto wake shule kwa deni la ada hata siku moja. Karani wa maji alipita mlangoni kwake akitabasamu, akaenda kukata kwa jirani. Uongo ukianza kuzaa, mwenye nao huupalilia, na Mama Ikulu aliupalilia wake mpaka ukawa shamba.

Kijana mwenyewe aliitwa Rangi kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mchora mabango, mwenye mkono mtulivu na jicho zuri. Kasoro yake ilikuwa ulimi. Nyumba ile haikuwahi kujua r inaishia wapi na l inaanzia wapi, na Rangi aliandika alivyotamka. Akichora kibao cha hoteli ataandika "Chakula Bola", na watu walikula vilevile, maana herufi haijawahi kuharibu mchuzi. Mambo yalikwenda hivyo mpaka uchaguzi ulipokaribia, na tawi la chama tawala likampa ukuta mzima wa barabara kuu aandike maneno manne: MPE RAIS KURA TENA. Rangi akapanda ngazi, akachora kwa herufi ndefu kuliko mtu mzima, nyekundu zenye kivuli cheusi: MPE RAIS KULA TENA.

Mji ulisimama kucheka. Wengine walikuja na watoto wao ili wasome. Mtu asiyejulikana akaongeza chini kwa mkaa, "Kwani hajashiba?" Hakimu peke yake ndiye aliyeshindwa kuona kichekesho. Rangi alijitetea kwamba alikusudia kula, kula hii ya kawaida, ya kutumbukiza kwenye sanduku, na kila alivyofafanua ndivyo shimo lilivyozidi kina. Akapewa miaka mitatu kwa kumtukana Mkuu wa Nchi.

Mama Ikulu alimfuata jela na undugu wake mkononi. Alimweleza Mkuu wa Gereza kwamba haya ni mambo ya kifamilia, baba mkubwa amekasirika kidogo, yataisha. Mkuu wa Gereza hakuwa mjinga, na pia hakuwa jasiri. Alimpangia Rangi kazi ya jikoni badala ya machimbo ya mawe, na ulipofika wakati wa kupeleka majina ya watakaopata msamaha wa Rais, jina la Rangi likatangulia.

Hapo ndipo Bunge lilipoamka. Wananchi walishazoea kuliona limelala, kwa hiyo wengi walishtuka. Rais alikuwa amemsamehe mpwa wake, aliyefungwa kwa kula vitanda vya wodi ya wazazi, na usiulize kitanda kinaliwaje. Mpwa yule alitoka kabla hajajua jina la jirani yake wa selo. Zikavuma habari kwamba zamu inayofuata ni ya shemeji, mume wa dada yake Rais, ambaye yeye alikuwa amekula magari ya wagonjwa. Wabunge wakasema sasa basi. Wakatunga Sheria ya Mipaka ya Msamaha: Rais hatamsamehe mtu kabla hajatumikia theluthi ya kifungo chake, kila jina litapita mbele ya kamati ya Bunge, hadharani, na Rais hatamsamehe ndugu yake.

Theluthi iliwapita kama maji. Kwenye ndugu walikwama. Ndugu ni nani? Upande wa Rais ulitaka iandikwe "wa tumbo moja" na biashara iishe, wakijua fika kwamba shemeji hatoki tumbo hilo. Upande wa pili ulitaka wahesabiwe binamu, wakwe, mawifi na waliowahi kusoma darasa moja. Mbunge mmoja mzee alisimama akasema yeye ana ndugu anayekula kwake tangu ujana wake, na mpaka leo hajui waliungania wapi. Mwingine akauliza: Rais akihutubia huanza na "Ndugu zangu wananchi", je, nchi nzima imenyimwa msamaha? Spika alimwamuru akae chini, lakini swali lilifika Ikulu, na tangu siku hiyo Rais akawa anaanza hotuba na "Enyi wananchi", kama mtu anayetangaza mnada.

Mwishowe mwanasheria wa Bunge akaleta maneno yaliyowachosha wote sawasawa. Ndugu wa Rais ni "mtu yeyote anayejulikana hadharani kuwa ndugu wa Rais, kwa damu, kwa ndoa, au kwa maneno yake mwenyewe au ya mzazi wake." Walipiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Mkuu wa Gereza alimwita Mama Ikulu ofisini, akafunga mlango.

"Mama, mambo yamegeuka. Mwanao theluthi ameshavuka, jina lake liko kamati. Lakini mtu yeyote anaruhusiwa kusimama pale akasema huyu ni ndugu wa Rais. Na mtaani kwenu nani hajui?"

"Ah, si ndugu kihivyo."

"Kihivyo vipi? Si ulikaa kwenye kiti hicho hicho ukaniambia marehemu na Rais walilala kitanda kimoja?"

"Kitanda chenyewe kilikuwa kikubwa."

Mkuu wa Gereza alijifuta uso. "Sikiliza. Wakaguzi wa kamati wameshafika hapa. Siwezi tena kumficha jikoni, wataniuliza kwa nini. Kuanzia wiki hii yuko machimboni na wenzake. Na kamati ikimkataa, harudi tena kwenye orodha. Atavunja mawe mpaka siku yake ya mwisho ya kifungo."

Mama Ikulu alijua machimbo yale. Mwezi uliopita mwamba ulikuwa umemwangukia mfungwa mmoja, akatolewa akiwa ndani ya gunia. Alitoka ofisini, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alipita getini bila kuwaambia askari yeye ni nani.

Dawa ya kwanza aliyoifikiria ilikuwa kukana. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu kwamba walimsikia vibaya. Hakusema "Rais ni shemeji yangu", alisema "Rais ni kama shemeji yangu". Mwenye duka akamuuliza, na ile habari ya kiuno? Alisoma gazetini, akajibu. Watu walikaa chini wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Wala hakuwa peke yake. Nchi nzima ilikuwa inamkimbia Rais. Wajomba waliokuwa na picha zake sebuleni walizigeuza zikatazama ukuta. Mabinamu walitangaza redioni kwamba majina yao ya ukoo yanafanana na yake kwa bahati mbaya. Hawa hawakuwa wafungwa, lakini kila mmoja alizijua dhambi zake, na aliona ni busara kuwa mtu baki mapema. Dada yake Rais aliachwa na mumewe kwa talaka iliyopelekwa na wakili.

Jirani yake Mama Ikulu ndiye aliyemwambia ukweli. Huyu aliitwa Mama Redio, kwa sababu jambo likimfikia yeye saa hii, saa inayofuata limefika sokoni. Aliingia, akasogeza vitambaa kitini, akakaa bila kukaribishwa.

"Shoga, acha kujizungusha. Kukana hakutoshi. Watakuuliza: kama marehemu hakuwa wa ukoo wa Rais, alikuwa wa ukoo gani? Utasema nini?"

"Nitasema marehemu ni marehemu. Tumwache apumzike."

"Apumzike wapi? Ng'ambo ya reli, juu ya magodoro yake?"

Mkasi ulimtoka Mama Ikulu mkononi. Alimtazama yule mwanamke ambaye hajawahi kufunga mdomo hata akiwa na jino bovu.

"Ulijua?"

"Tangu mwaka ule alipokuacha. Nilikwenda kununua godoro, nikamkuta kakaa, mzima, na mke anaye."

"Na hukumwambia mtu?"

"Habari nyingine haina utamu," Mama Redio alisema, akitazama kando. "Mwanamke kaachwa na mtoto mgongoni, nitangaze nini hapo?"

Basi Mama Ikulu akalia, akalia kweli. Alikuwa amemuua mume wake kwa mdomo kwa sababu mjane hupewa pole na mwanamke aliyeachwa huulizwa alikosea nini. Kisha akaona kwamba pole peke yake haishibishi, akamwongezea marehemu ukoo.

"Mimi aibu naiweza," alisema kati ya kwikwi. "Watanicheka, watachoka. Lakini Rangi anajua baba yake alikuwa mtu wa maana, amekufa. Nikisimama kule nikasema, atatoka jela, sawa. Je, atarudi kwangu?"

"Hilo sijui," Mama Redio alisema. "Ila najua mficha uchi hazai. Vaa viatu twende."

Walivuka reli mchana ule ule. Mama Redio alibaki nje kwa muda usio wa kawaida yake. Mbele ya duka kulikuwa na kibao kikubwa, na Mama Ikulu alisimama mbele yake mpaka mpita njia akamwomba ampishe. MAGODOLO BOLA KWA LAHA YAKO. Herufi nyekundu, kivuli cheusi.

Marehemu alikuwa amekaa juu ya magodoro matatu yaliyopangwa, anakula karanga. Alikuwa amenenepa kidogo kwa maiti. Alipomwona aliteremka, karanga zikamwagika.

"Karibu," alisema, sauti ndogo.

"Kibao hiki kakuchorea nani?"

"Yeye."

"Ulimjua?"

"Nilimwona kwenye ngazi anapaka rangi duka la jirani. Ana masikio yangu. Nikamwita nikampa kazi. Nikamuuliza, kijana, baba yako anafanya nini? Akaniambia baba yake ni marehemu, alikuwa ndugu wa Rais." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Sasa mimi ningesema nini? Umpokonye mtu baba ndugu wa Rais, umpe muuza magodoro aliyemkimbia? Nilimtuma atengeneze kibao kikubwa ili akae siku nyingi. Nilimletea chai. Nilitaka kumsahihisha ile l, nikaona ataumia, nikaiacha."

Mama Ikulu alikuwa amejiandaa kwa matusi, alikuja nayo ya kutosha, mengine ya akiba. Sasa alishindwa ayaweke wapi. Walikuwa wamemdanganya mtoto mmoja, kila mtu upande wake wa reli.

"Yuko jela," alisema.

"Najua. Niliuona ukuta ule. Nilicheka kwanza, nisikudanganye, kisha ndipo nikasoma nani kauchora."

"Anavunja mawe. Nataka uje mbele ya kamati useme wewe ni nani."

"Nikasimame mbele ya Bunge niseme nilimkimbia mke na mtoto?"

"Mimi nasimama kusema nilikuua. Chagua lipi ni zito."

Marehemu alitazama karanga zake sakafuni. "Mke wangu huku hajui habari zenu," alisema.

"Atazijua," ilisema sauti ya Mama Redio kutoka mlangoni, kwa upole kabisa. "Hilo usijali."

Kamati iliketi katika ukumbi mdogo nyuma ya Bunge, wenye viti vya plastiki na feni iliyozunguka ikijisikia. Waandishi wa habari walijaa. Wafungwa walikaa kwenye benchi la pembeni, askari huku na huku, na Rangi alikuwa wa tatu, mikono imechubuka, mashavu yameingia ndani. Alimpungia mama yake kidole kimoja. Mama Ikulu alitaka ardhi ipasuke.

Mwenyekiti alikuwa mbunge mnene aliyeweka miwani kwenye paji la uso na kuitafuta mezani. Alianza na shemeji, yule wa kweli, aliyekuja na mawakili watano na cheti cha talaka ambacho wino wake ulikuwa bado unanuka.

"Mheshimiwa, ndoa haipo," wakili mkubwa alisema. "Mteja wangu ni mtu baki kabisa."

Mwenyekiti aligeukia ukumbi. "Nani humu ndani hajui kwamba huyu ni shemeji wa Rais? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka, hata wa wakili mdogo kuliko wote, ambaye alianza kuunyanyua akaishia kujikuna.

"Anajulikana," Mwenyekiti alisema. "Undugu hauondolewi na karatasi. Mkataa kwao mtumwa, na naona mwezi huu nchi imejaa watumwa. Arudishwe ndani. Anayefuata!"

Ukumbi ulishangilia, na Mama Ikulu pia alitaka kushangilia, ila aliona kisu kile kile kinageuka upande wake. Mtaa mzima ulijua. Akaitwa mbele. Mwenyekiti alisoma, akapata miwani, akasoma tena.

"Mama, ni kweli umekuwa ukitangaza kwamba Rais ni shemeji yako?"

"Kweli, Mheshimiwa. Nilikuwa nasema uongo."

"Leo wote wanasema walikuwa wakisema uongo. Hata kinyozi wake amekana kichwa anachonyoa."

"Mimi wangu ni uongo wa kweli."

Watu walicheka. Mwenyekiti aligonga meza. "Marehemu mume wako alikuwa nani basi?"

Hapo Mama Ikulu aligeuka akatazama benchi. Rangi alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kusikia habari nzuri za marehemu wake. Ilimchoma mama yake moyo, na hakuona njia ya kupunguza makali.

"Hakufa," alisema. "Aliniacha. Alitoka jioni kununua betri za tochi, hakurudi. Niliona aibu nikasema amekufa. Halafu watu wakaanza kunionea, nikasema ni ndugu wa Rais. Mtoto akakua nayo. Nikashindwa kumvua."

Ukumbi haukucheka. Mtu mmoja nyuma alisimama, amevaa koti lililombana, ameshika kofia.

"Wewe nani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mimi ndiye marehemu, Mheshimiwa."

Hapo walicheka mpaka mwandishi mmoja akadondosha kamera. Marehemu alisubiri, jasho likimtoka. Alitaja jina la baba yake, la babu yake, kijiji na kazi zao: wachimba visima, vizazi vyote, watu wa kushuka chini na si kupanda juu.

"Una hakika huna undugu na Rais?"

"Mheshimiwa, ningekuwa ndugu wa Rais ningeuza magodoro?"

Wajumbe wa kamati walitazamana. Ilikuwa hoja nzito kuliko zote zilizoletwa siku ile. Lakini mjumbe mmoja mwembamba, asiyependa watu wacheke, alinyoosha kalamu.

"Mwenyekiti, sheria haisemi undugu wa kweli. Inasema unaojulikana hadharani, kwa maneno ya mzazi. Maneno yalisemwa. Yawe ya uongo au ya kweli, kijana amejulikana hivyo. Jina lake likatwe."

Mama Ikulu alishika ukingo wa meza. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini wake ulikuwa unaponza kichwa cha mwingine. Mwanasheria wa Bunge, yule yule aliyeyatunga maneno, aliinuka polepole.

"Niliandika 'anayejulikana'," alisema. "Sikuandika 'aliyejulikana'. Shemeji anajulikana mpaka sasa hivi. Kijana huyu alijulikana mpaka mama yake alipofungua mdomo. Kama umma umeshajua vingine, sheria haimgusi."

"Na umma umejua?" mjumbe mwembamba aliuliza. "Tumesikia sisi na hawa wachache. Mtaani kwake je?"

"Mama," Mwenyekiti alisema, "sogea kwenye kipaza sauti. Redio inasikika nchi nzima. Rudia yote, taratibu, na majina yenu."

Kusema mara moja kulimtoa jasho. Kurudia kulimtoa ngozi. Alisema tena, betri za tochi na yote, taratibu kama alivyoamriwa, kila neno likienda kuingia kwenye kila duka, kila kiwanda, kila nyumba iliyowahi kununua kaptula kwake. Hakumtazama mwanawe. Alipomaliza, kutoka nyuma ya ukumbi kukasikika sauti ambayo hakuhitaji kumtafuta mwenyewe.

"Mheshimiwa, ambao hawana redio niachieni mimi! Kufikia jioni mtaani kwetu hatabaki mtu!"

"Wewe nani?"

"Jirani."

Mwenyekiti aliuliza ukumbi nani bado anajua kwamba kijana yule ni ndugu wa Rais. Mikono ilikaa mapajani. Mjumbe mwembamba alitazama huku na huku, akafunga kalamu.

"Si ndugu. Jina liende kwa Rais. Anayefuata!"

Rangi aliongozwa nje na askari. Alipita karibu na Marehemu, akasimama, akamtazama masikio. "Mzee wa magodoro," alisema, na askari akamvuta.

Rais alitia saini. Inasemekana alitia saini zote bila kusoma, kwa hasira za shemeji, na huenda mpaka leo hajui kwamba alimsamehe yule wa kula. Siku ya kutoka, Mama Ikulu alifika langoni mapema na nguo safi ndani ya mfuko. Rangi alitoka akiwa na shati aliloingia nalo, sasa likimpwaya. Hakumpa mama yake shikamoo. Alisimama mbele yake.

"Kabla hatujaenda popote," alisema, "kuna kingine?"

"Kingine nini, mwanangu?"

"Cha uongo. Kitoe hapa hapa langoni, askari bado wananikumbuka."

Mama Ikulu alifikiri. "Mwaka wako wa kuzaliwa niliusogeza. Shule walisema umepita umri."

"Mwaka mmoja?"

"Miwili."

"Kingine."

"Yule mbwa wako hakutoroka. Aligongwa na gari."

Hii ilimuuma, ilionekana usoni, kuliko ile ya mwaka. "Kingine."

"Sina tena. Wallahi sina."

Rangi alitazama lango alilotokea. Kisha akasema, "Unajua nini kilinitesa mle ndani? Si mawe. Kila usiku nilikuwa naomba toba. Nasema, Mungu wangu, nimemtukana baba mkubwa, damu ya baba yangu, na baba mwenyewe hayupo aniombee radhi. Kumbe nilikuwa nimemtukana mtu baki tu!" Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati ya njia, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe. Lakini si leo." Alichukua mfuko wa nguo mkononi mwake. "Kwanza nakwenda kumwona marehemu."

Mama Ikulu alifungua mdomo amwelekeze njia, akakumbuka njia anaijua. Alitaka kuuliza kama anaweza kufuatana naye. Hakuuliza. Rangi alipiga hatua, kisha akageuka.

"Nikirudi jioni nitakuta chakula?"

"Kimeshaiva," alisema Mama Ikulu.

"Kweli, Mama?"

"Kweli."

Rangi aliitikia kwa kichwa, akaenda zake kuelekea reli. Mama yake alisubiri mpaka alipopinda kona, kisha akakusanya gauni kwa mikono miwili akaelekea nyumbani karibu ya kukimbia, maana hata moto alikuwa hajauwasha.